Chama Kinaomba Mwethya

Notisi ilikuwa imebandikwa kwa mlango na uji wa ngano, na Mbinya aliporudi kutoka kuchota maji alikuta mbuzi ameshalamba uji na kula nusu ya karatasi. Iliyobaki ilikuwa nusu ya juu. Jembe la kijani, nembo ya chama, lilikuwa zima. Chini yake: Kwa Komredi Mbinya. Chini tena: Kufuatia azimio la. Baada ya hapo, alama za meno.

Aliweka mtungi chini. Alikuwa ametoka saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu tangu ndovu wang'oe bomba mwezi wa saba, maji ya Usawa yalikuwa ya kufuata kule karibu na reli, saa mbili kwenda na kurudi, na ukichelewa unakuta watu wa ng'ombe wamefika kwanza. Hakumchapa mbuzi. Wote wawili walikuwa hawajala tangu jana mchana, na mbuzi angalau alikuwa amepata kitu.

Alipeleka kile kipande kwa jirani yake Mwandawiro, ambaye hakuwa na mbuzi.

Mwandawiro alikuwa Mtaita wa Mghange. Shamba la baba yake huko juu milimani liligawanywa kwa ndugu saba mpaka fungu lake likawa mahali pa kusimama, si pa kulala, ndipo akateremka kuja kukata mkonge. Alikuwa amekaa mlangoni kwake, notisi iko mapajani, nzima.

"Yako imeliwa na mbuzi," alisema. "Yangu imenila mimi."

Akamsomea. Chama, kama mwenye shamba la Usawa, kimeazimia kulitumia kwa maendeleo ya wanachama wote. Patajengwa yadi ya malori ya kwenda Taveta na mpakani. Makomredi wanaombwa kuhama ndani ya siku kumi na nne. Kubomoa kutafanywa kwa mwethya, kama ilivyo desturi yetu. Jembe moja, shamba moja. Imetiwa sahihi na Donald, mratibu.

Mwandawiro aliikunja mara mbili akaitia mfukoni.

"Nimefukuzwa mara tatu hii maisha yangu," alisema. "Hii ndiyo ya kwanza naitwa komredi."

Mbinya alimuuliza kama kuna mahali wameandika habari ya makaburi. Mwandawiro akaitoa tena, akaipitia kwa kidole, akasema hakuna.

Chama chenyewe kilianza kama mwethya. Miaka kumi na tano iliyopita Usawa haikuwa hata na jina. Ilikuwa vichaka tu nje ya Voi, upande wa barabara ya Taveta, mahali watu waliofutwa kwa mashamba ya mkonge walijenga kwa sababu hakuna mtu aliyewaambia wasijenge. Wengi Wakamba, Wataita kadhaa. Wakamba wakaja na mwethya wao: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye siku ndiye anapika. Chungu kinakaa motoni kabla jembe la kwanza halijafika. Watu wakitokea huko mbali wakaona moshi, wanajua wamealikwa. Asiyeenda kwa wenzake anatozwa kuku. Lakini siku yako ifike na hujapika, hiyo haina faini. Hiyo umewaambia watu hukuwahesabu, na watu hawatakula kwako tena.

Mwalimu Ndambuki ndiye aliyeona kwamba hiki kitu kinaweza kuwa chama. Alikuwa amefutwa kazi kwa ajili ya mgomo, akaja Usawa na vitabu kwenye katoni ya sabuni, akaanza kuwafundisha watu chini ya turubai jioni. Alisema kuna wazungu waliandika vitabu vinene wakitafuta jambo ambalo nyanya zenu walikuwa wanalifanya na jembe na wimbo. Watu walipenda hiyo. Wakaandikisha chama Nairobi, Jembe Moja. Kiongozi akiita jembe moja, watu wanajibu shamba moja. Mbinya alikuwa ngui, yule anayeanzisha wimbo kazini wengine wakaitikia, na nyimbo zake za kulima zikawa nyimbo za chama. Bila ngui jembe halishuki. Kuna mwaka malori yalileta watu kutoka Mwanda na Mata kuja kusikia tu. Voi mjini, Bi Mwanatumu wa duka la leso alitoa chumba cha nyuma kiwe ofisi bila kodi, akasema siasa haijui lakini hawa hawajamwibia. Wakapata wawakilishi wawili bunge la kaunti. Bomba likaja. Halafu watu wa ardhi nao wakaja, na swali moja: hati iandikwe jina la nani?

Hapo ndipo walipoitana mkutano. Ndambuki alisema kila mtu akipewa hati yake, matajiri watawanunua mmoja mmoja. Huyu ana mgonjwa, yule ana karo, miaka mitano mbele Usawa haiko. Iandikwe jina la chama. Chama hakiugui. Chama hakina mtoto wa kupeleka sekondari. Watu wakapiga makofi sana.

Maundu, mume wa Mbinya, alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama. Alisema yeye anataka karatasi yenye jina lake, hata kama ni ya mahali pa choo.

Mbinya alimwimbia. Ilikuwa kazi yake, mtu akitoka kwa mstari ngui anamrudisha. Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi: kuna mchwa hapa Usawa anataka boriti yake peke yake, muulizeni, paa litakaa juu ya nini. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Maundu naye alicheka, kidogo, halafu akainua mkono na wenzake.

Hawakuwahi kuuongelea ule wimbo. Maundu alikufa miaka minne baadaye, kifua, akazikwa nyuma ya jikoni. Kufikia hapo mwakilishi mmoja alikuwa amehamia chama kilichokuwa na helikopta, na wa pili alikuwa bado mwanachama lakini hashiki simu. Uchaguzi uliofuata Jembe Moja hawakupata kiti hata kimoja. Mikutano ikawa ya watu kumi na wawili, halafu ya watano, halafu ikawa Ndambuki na katoni.

Siku ya pili ya notisi Mbinya alishuka mjini. Alianza kwa Bi Mwanatumu, kwa sababu Ndambuki siku hizi alikuwa anakaa huko, kwenye kile chumba cha nyuma, mguu umefura kwa sukari. Alimkuta ameunyoosha juu ya katoni. Alimsalimia, akasema anajua kilichomleta. Mwaka jana, yeye na wazee wengine wanne waliitwa hoteli moja Mombasa. Waliambiwa ni muungano, chama kikubwa kinataka kushikana nao. Walikula biriani. Wakaletewa fomu. Fomu ilikuwa ya kubadilisha viongozi, na mwenyekiti mpya alikuwa tajiri mmoja mwenye malori, anayeitwa Mheshimiwa tu. Hakuna mtu aliyenunua Usawa. Alichukua chama tu, na Usawa ikaja ndani yake.

"Nilisoma kila kitabu," Ndambuki alisema. "Ile fomu sikuisoma."

Bi Mwanatumu alikuwa amesimama mlangoni na bilauri ya chai. "Tangu mfungo uishe hana neno jingine ila hilo," alimwambia Mbinya. "Namwambia, mwalimu, kula, binadamu hafi kwa fomu. Nawe mama Koki, kaa kitako, mbona wanisimamia kama mdai."

Mbinya alikaa, akanywa chai, akamshukuru. Hakumlaumu mzee. Alijaribu kutafuta lawama ndani yake ile dakika, kama mtu anavyopapasa mfuko, akakosa.

Ofisi mpya ya chama ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la saruji. Ukutani kulikuwa na picha ya Mheshimiwa, kubwa kama mlango, na jembe dogo pembeni, karibu na kiwiko chake. Donald aliinuka alipomwona. Zamani alikuwa kiongozi wa vijana, ndiye aliyezunguka na kopo la rangi akichora jembe kwa kuta zote za Voi. Alikuwa amenenepa vizuri. Alimwita mwaitu, mama yetu, akamvutia kiti, akaagiza aletewe soda, akauliza habari za Koki huko Athi River. Mbinya alisema Koki yuko, bado anashona kwa kiwanda. Halafu akasema ameleta habari ya notisi.

"Hiyo notisi watu wameielewa vibaya," Donald alisema. "Shamba ni la nani?"

"La chama."

"Na chama ni nani?"

Mbinya aliangalia lile jembe dogo ukutani. Alikuwa amefundishwa jibu na Ndambuki, chini ya turubai.

"Chama ni wanachama. Mwanachama ni wewe. Sasa nani anakufukuza, mwaitu? Hakuna mtu anafukuzwa. Mnajihamisha."

"Tunajihamisha twende wapi?"

"Kuna awamu ya pili. Inapangwa."

Soda ilikuja. Donald aliifungua mwenyewe. Alisema Mheshimiwa hataki matingatinga, kwa sababu picha za matingatinga na akina mama wakilia ni mbaya kwa chama, na zikianza kuzunguka kwa simu za watu hakuna wa kuzirudisha. Anataka kazi ifanywe kwa amani, kwa mwethya, watu wenyewe wabomoane na wabebe mabati yao, hakuna kitu kinapotea. Lakini mwethya hauendi bila ngui. Hiyo Donald aliijua. Alikuwa mtoto wa hiyo kazi.

"Watu wakisikia sauti yako watatoka," alisema.

Mbinya alimuuliza habari ya Maundu.

Donald aliangalia mezani kidogo. Halafu akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. Alisema kipande cha Mbinya kiko kwenye kona. Mpimaji anaweza kukiacha nje ya ramani, nyumba na kaburi, bikoni nne za mpaka, atakuja kuziweka Alhamisi ya wiki ijayo. Nyumba moja tu. Kwa hivyo isizungumzwe.

"Nipe karatasi," Mbinya alisema.

"Mimi na wewe, mwaitu? Karatasi ya nini?"

Alikunywa soda yote, kwa sababu hakuwa amekula, na kwa sababu kuiacha ilikuwa ni kusema kitu.

Walianza Jumatatu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mwandawiro. Mbinya alisimama pale uwanjani, akiwa amejifunga leso kiunoni, na kwa muda akafikiri sauti haitatoka. Ilitoka. Ilitoka nzuri, ya zamani, na upande wa pili wa kijiji milango ikafunguka. Watu walikuja na majembe, na nyundo, na kamba. Walikuja hata waliokuwa wameapa kwamba watalala mbele ya matingatinga, kwa sababu tingatinga halikuja, kilichokuja ni mwethya, na mwethya mtu hakatai. Mke wa Mwandawiro alikuwa amebandika sufuria tangu asubuhi.

Jambo ambalo Mbinya hakulitarajia ni kwamba kazi ilikuwa tamu. Walikuwa hawajafanya mwethya karibu miaka sita na mikono ilikuwa bado inajua. Wengine juu wanang'oa misumari, wengine chini wanapokea mabati, akina mama wanabomoa udongo wa kuta kwa wimbo, majembe yanapanda pamoja yanashuka pamoja. Mwandawiro alisimama kwa boriti ya juu ya nyumba yake mwenyewe akatoa hotuba kama mgombea, akaahidi bomba, barabara na hospitali, akaulizwa kutoka chini na yeye atahamia chama gani, akasema chochote chenye paa. Watu walicheka. Kufikia saa tisa nyumba ilikuwa imepangwa chini kama vyombo vya kuoshwa. Wakala. Kesho yake wakafanya mbili, na baada ya hapo kila siku zikazidi.

Kila asubuhi aliamka, akaimba, akala kwa mwenye siku, akarudi kwake. Hakuhisi kitu chochote. Aliona familia zikipakia mabati kwa mkokoteni, zikielekea kwa shemeji huko Mwanda, kwa kanisa, kwa vichaka vingine mbele ya reli. Waliaga. Walimshukuru. Mwanamke mmoja, ambaye Mbinya alikuwa amemzalisha mtoto wake wa kwanza, alimshika mikono akamwambia bila wewe tungeondoka tukilia.

Siku ya kwanza Mbinya alikuwa amefikiri atamwambia Mwandawiro habari ya zile bikoni. Siku ya tatu alifikiri atamwambia mtu yeyote. Siku ya tano aliacha kufikiri.

Alhamisi mpimaji hakuja. Mbinya alipiga simu, Donald akasema yuko Mata na kazi nyingine, Ijumaa bila kukosa. Ijumaa jioni Usawa ilikuwa na nyumba moja. Watu ishirini na kitu walikuwa bado hawajaondoka, wamelala kando ya mizigo yao, na Mbinya hakuelewa wanangoja nini.

Jumamosi saa mbili asubuhi aliwaona wakija. Walikuja kwa mstari, Mwandawiro mbele, majembe mabegani. Wengine walikuwa wameshapakia na wameshusha tena mizigo ili wachukue vifaa.

"Leo ni kwako, mwaitu," Mwandawiro alisema. "Hatungeenda tukuache peke yako."

Nyuma yao, barabarani, gari la Donald lilikuwa limesimama. Mbinya aliwaambia wangoje kidogo. Alitembea mpaka pale. Donald alishusha kioo nusu.

Alisema alikuwa karibu kumpigia. Alisema ramani imerudi kutoka kwa wakubwa na imebadilika, ile kona ndiyo lango, malori hayawezi kupindia mahali pengine. Hata yeye imemuuma. Jina la Mbinya ataliweka la kwanza kwa awamu ya pili.

"Na Maundu?"

"Hakuna mtu ataligusa kaburi. Litabaki pale pale." Donald alionyesha kwa mkono ulio bapa, kama mtu anayelainisha shuka. "Yatapita matofali ya kabro juu tu."

Mbinya aligeuka akarudi. Ilikuwa kama hatua mia mbili na aliziona zote.

Watu walikuwa wamesimama vile aliwaacha, isipokuwa Mwandawiro. Mwandawiro alikuwa ameingia jikoni kutafuta kaa la moto awashe sigara. Alitoka taratibu, sigara bado haijawaka iko mdomoni. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na kila mtu aliyesimama pale aliweza kuona ndani: mafiga matatu, majivu ya jana, na sufuria kubwa imefunikwa juu ya rafu, kavu.

Hakukuwa na moshi. Walikuwa wamekuja nusu kilomita wakiangalia hiyo nyumba na hawakuwa wameona moshi, na hakuna aliyekuwa amejiuliza.

"Hukupika," Mwandawiro alisema.

Hakuuliza. Hata hakuongeza sauti. Aliangalia ile nyumba, halafu gari kule barabarani, halafu kijiji chote ambacho hakikuwepo, akatoa sigara mdomoni akairudisha kwa pakiti. Mbinya alifungua mdomo. Alikuwa ameimba siku tano na koo lilikuwa limekwaruzika. Alitaka kusema kwamba ilikuwa ni kwa ajili ya kaburi, na ilikuwa kweli, na akajua jinsi itakavyosikika.

Mwandawiro alipanda juu ya paa. Hakungoja wimbo. Mmoja alimpa nyundo, mwingine akaegemeza ngazi, na watu wakaanza. Hakuna aliyetupa kitu. Hakuna aliyemtukana. Walitoa bati moja moja wakaliegemeza kwa lingine, wakatoa kitanda, wakatoa sanduku la nguo, wakatoa picha ya Maundu kwa msumari wake wakaiweka juu ya kitanda ikitazama juu. Majembe yaliingia kwa ukuta bila mpangilio, kila moja wakati wake, kama mvua ya kwanza kwa mabati. Hakuna mtu aliyeimba na Mbinya hakuambiwa aimbe.

Akawasha moto. Hakujua afanye nini kingine. Mafiga yalikuwa bado mahali pake, kuta tu ndizo zilizokuwa zinaondoka, na aliinama pale katikati ya vumbi akapuliza mpaka ukashika. Akatia mahindi yote aliyokuwa amehifadhi ya mbegu, na maharagwe, na maji yote ya mtungi. Yalikuwa ya kutosha watu ishirini. Alikoroga. Jua lilimwingia mgongoni mahali ambapo paa lilikuwa limeondoka.

Saa tisa walimaliza. Walifagia hata uwanja. Chakula kilikuwa kimeiva, harufu yake imejaa pale, na baadhi yao hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu jana. Mbinya alipanga sahani chini, alizokuwa nazo na vifuniko vya sufuria. Alisema karibuni. Akasema tena kwa Kikamba.

Walichukua majembe yao. Mmoja mmoja walipita mbele yake, na kila mmoja alimpa mkono, kwa heshima, kama matangani, akaenda. Mwandawiro ndiye alikuwa wa mwisho. Yeye hakutoa mkono. Aliinama akasukuma kuni ndani kidogo, zisianguke, akaondoka na mkokoteni wake kuelekea barabara.

Moto ulianza kushuka. Mbinya alikaa juu ya sanduku.

Alisikia mlango wa gari. Donald alikuja kwa miguu, akiruka matofali ya udongo asichafue viatu, simu mkononi, akipiga picha uwanja ulivyo msafi. Alipofika kwa mafiga alisimama akanusa. Alisema hajala mahindi ya kuchemsha ya nyumbani tangu mwezi wa nne, mjini hakuna mtu anajua kuyapika. Akaokota sahani mwenyewe, akapakua, akachutama kando ya kaburi ambapo kulikuwa na kivuli cha mabati.

Alikula vijiko viwili vitatu.

"Mwaitu," alisema, mdomo umejaa, "chumvi iko?"

Mbinya akageuka, akanyoosha mkono kwa rafu ya chumvi, mahali ukuta ulikuwa.